Filbert Hosea Mlay na Maswali ya Papa

Baba padre, wanajumuiya, majirani wa hapa Kilema, na wakwe zetu mliopanda kutoka Chekereni, maneno haya ni yangu mimi Lukresia, bibi mzaa baba wa marehemu, ambaye sikukaa darasani hata siku moja, nimeyasema jikoni na Gladness, mjane wa marehemu, akayaandika kama yalivyotoka, na anayewasomea ni Godwin, kaka mkubwa wa marehemu, kwa kuwa ndiye msemaji wa familia, naye hajayaona kabla ya sasa, ila jana mbele ya padre aliahidi kwamba atayasoma yote bila kuruka. Marehemu aliacha ombi moja, na nitalifikia.

Filbert alizaliwa hapa hapa tarehe 14 Agosti 1984, kitinda mimba wa mwanangu Hosea na mkewe Kornelia, miaka minane baada ya Godwin, na katikati yao Kornelia alizaa watoto watatu ambao hawakufikisha mwezi, tukawalaza chini ya migomba nyuma ya nyumba. Kornelia mwenyewe alitutoka mwaka 1994, kwa hiyo Filbert nilimlea mimi, alikuwa mtoto wa kuuliza mpaka nikimwambia wewe, nyamaza kidogo, masikio ya bibi yako nayo yapumzike.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1992 hadi 1998, akamaliza kidato cha nne mwaka 2002, kisha akawa mpagazi wa mlimani, na mwaka 2007 mgeni mmoja aliyebebewa mizigo na yeye, mtaalamu wa samaki, akampenda kwa yale maswali yake akamchukua hadi kisiwa cha Mafia, akawe anahesabu papa wakubwa wanaoitwa papa potwe. Mtoto wa mlimani, aliyejua maji ya mfereji tu, alikaa baharini miaka kumi na moja, akawajua wale papa mmoja mmoja kwa madoa ya ubavuni, kama mimi ninavyowajua ng'ombe wangu.

Tarehe 6 Julai 2013 alifunga ndoa na Gladness, na tarehe 9 Machi 2015 Mungu akawapa Kindness, aliyekaa hapo mbele na sweta ya shule.

Februari 2018 Hosea alifariki, na kwa kuwa kwetu nyumba ya baba na kihamba, shamba la migomba linaloizunguka, ni vya mtoto wa mwisho, Filbert aliacha kazi yake akarudi. Hapo ndipo mlipoanza, msiangalie chini, nawajua kwa sauti. Kila akipita penye pombe ya mbege mlimwita, hebu Papa njoo, eti papa analala na blanketi gani, naye, mjinga wangu mpole, anasimama na kuwajibu, kwamba wapo papa wanaolala chini kwenye mchanga, na wapo ambao hawawezi kusimama, wakisimama wanakosa pumzi, kwa hiyo wanapumzika huku wanaogelea. Mkauliza ana mifupa mingapi, akasema hana hata mmoja, mwili wake umeshikwa na gegedu, kama hili sikio lako, mkacheka mpaka kata ya mbege ikadondoka. Mkauliza meno, akasema yakidondoka yanaota mengine maisha yake yote, na mzee mmoja, yupo hapa, akafungua mdomo wake mtupu akasema basi mwanangu niombee huko na mimi nikazaliwe papa. Mkauliza amekula watu wangapi, akasema papa potwe ana mdomo kama mlango lakini anakula vidudu vya maji na mayai ya samaki, na kwamba kati ya papa na mtu, anayemmaliza mwenzake ni mtu. Hilo hamkulicheka, mlimwita muongo. Kesho yake kichwa cha papa mkavu kilikuwa kimening'inizwa mlangoni kwake, na aliyekinunua sokoni Moshi ndiye anayewasomea.

Kunywa maji, Godwin, panaanza kupanda.

Krismasi ya mwaka 2018, watu wote wamerudi nyumbani, mbuzi amechinjwa, kila mmoja na fungu lake la nyama mkononi, Godwin aliuliza kwa sauti, haya mtaalamu, mtoto wa papa akiwa tumboni anakula nini? Filbert akajibu kama alivyoulizwa, kwamba ipo aina ya papa ambayo mtoto anayetangulia kuota meno anakula ndugu zake humo humo tumboni, na wanaozaliwa ni wawili tu, kwa sababu mama ana mifuko miwili ya uzazi, ingekuwa mmoja angetoka mmoja. Godwin akatupa nyama yake chini, akasema mmesikia, amemtukana mama yetu kaburini, ananiambia mimi nimewala wale watatu. Aliuliza mwenyewe, akajibiwa, akalia mbele ya watu, na watu wakalia naye.

Sasa kosa langu. Kwetu jani la isale likifungwa fundo na kupelekwa na mtu mzima halikataliwi, ndilo la kuomba amani, nami nikamwambia Filbert mwanangu, peleka isale, hujakosa ila amani ipatikane. Akasema bibi, lakini sijasema uongo. Nikamwambia nani kakuuliza uongo, kata jani. Tarehe 5 Januari 2019 nikalipeleka mimi kwa mikono hii, Godwin akalipokea kwa adabu, akamlisha mbuzi jani lile mbele yangu, kisha akaita ukoo, na ukoo ukasema anayeleta isale ndiye mkosaji, amekiri mwenyewe, muongo hawezi kushika nyumba ya Hosea. Kihamba kikaenda kwa Godwin. Mwezi Machi Filbert akashuka Chekereni kwa wakwe zake, mwanamume wa Kilema kukaa kwa wakwe, akabeba magunia ya mpunga mashineni miaka mitano.

Septemba 2024 chakula kilianza kukwama, madaktari wakaona saratani ya koo la chakula, na kufikia Pasaka sauti nayo ilikuwa imekwisha. Nilipokwenda kumwona hospitali, muuguzi mmoja aliyekijua kisa chetu alinionyesha kwenye simu yake picha zinazotembea, za papa tumboni mwa mama yake, na nikamwona yule mdogo akimla nduguye, kwa macho yangu haya. Nikampelekea Godwin habari, akaniambia Bibi, iwe kweli isiwe kweli, isale si ulileta wewe?

Marehemu akaandika ombi lake kwenye karatasi, hataki nyumba, hataki kihamba, ila kaka aseme mbele za watu kwamba hakudanganya, maana shuleni Kindness anaitwa mtoto wa muongo. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini, na Godwin hakuwa amefika.

Tunawashukuru madaktari, na muuguzi mwenye simu, tunawashukuru wapagazi wenzake wa mashineni waliochanga na kumbeba hadi hapa, na majirani wa Chekereni waliompokea bila kumwuliza chochote. Tunamshukuru Godwin kwa kaburi, amelitoa nyuma ya zizi, mbali na la baba yao, lakini ametoa. Jani la isale nililokata leo asubuhi ninalo kwenye kanga, safari hii nampelekea aliyekosewa.

Filbert hakuwa muongo.

Rudia, Godwin, hawajasikia kule nyuma kwenye turubai.

Filbert, mdogo wangu, hakuwa muongo.

Pumzika kwa amani, mjukuu wangu, hakuna atakayekuuliza tena.