Retreti ya Siku Ngapi

Jovithe alipanda basi la Gihosha saa moja asubuhi, kama alivyofanya miaka thelathini na minne, tai shingoni, mkoba kwapani. Mkobani mlikuwa na mwavuli tu, na mbingu ilikuwa nyeupe, bila dalili ya mvua.

"Unaenda kazini, papa?" aliuliza jirani yake wa kiti, Mama Waridi, muuza vitenge. "Apana, mama. Niko mu retreti." Mama akafurahi. "Ah, ile ya maombi! Majirani yangu Wakristo wanaendaka. Ya kwako ni ya siku ngapi?"

Jovithe akatikisa kichwa. "Ile ingine, mama. Ya kuacha kazi."

"Sasa hii karavati unaipeleka wapi?"

Basi likasimama Asiatique, penye ofisi yake ya zamani. Jovithe akashuka mbiombio, kama mtu aliyechelewa.