Mara Nyingi au Kila Mara

Benchi la nje ya duka la donati, mjini Duluth, Marekani, lilikuwa na wenyewe: Reino, fundi mstaafu wa boila, mitambo ya kuchemshia maji, waliyemwita Boila, Floyd, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimwi, na Bernice, aliyeitwa Jaji ingawa maisha yake yote aliuza viatu. Asubuhi hiyo Reino alikuja na mkongojo, nyonga mpya ya bandia na fomu ya hospitali, maswali ishirini na tisa ya kujua kama mgonjwa aliridhika. Alikuwa amekwama kwenye la tatu.

— "Wauguzi walikusikiliza kwa makini?" Nimetia alama "mara nyingi".

— Umemmaliza yule nesi wako! Redio akaruka. Kwa wakubwa wa hospitali "mara nyingi" ni sifuri. Wanahesabu "kila mara" tu.

— Lakini Jumanne aliniacha katikati ya maneno, akakimbilia kengele ya jirani.

— Ulikuwa unamweleza nini?

— Habari za boila.

— Basi huyo ana subira, akasema Jaji. Mpe "kila mara", acha ubahili.

— Sidanganyi kwenye karatasi, mimi.

— Kwani inasomwa na mtu? Redio akashusha sauti. Ni mashine, na inanusa. Ikisikia kahawa, inajua umejazia kijiweni.

— Toka hapa!

— Haki ya nani! Na ile supu isiyo na chumvi? Makusudi, ili nesi akiingia mumwone malaika.

— Kwa hiyo nikiisifu supu, nesi anafukuzwa?

— Anahamishiwa jikoni.

Jaji alicheka mpaka kahawa ikampalia. Reino alitabasamu tu. Yule nesi ndiye aliyemshika kiuno Reino alipopiga hatua ya kwanza baada ya upasuaji, machozi yakimtoka mzee, wala nesi hakumwambia mtu.

Marisol, aliyehamia mtaani wiki ile, alikuwa amesimama kando na kikombe chake.

— Samahani, wazee wangu. Huyo nesi anaitwa nani?

Redio akamtazama Jaji. Jaji akamtazama Reino. Reino akaigeuza fomu mbele na nyuma. Hapakuwa na mahali pa jina. Siku zote sita za kulazwa alikuwa akimwita "nesi" tu. Uso ukamwiva.

Akainuka, akavuka barabara hadi hospitalini, nyonga ikimchoma. Alimkuta yule nesi wodini anatandika kitanda.

— Reino! Umeanguka?

— Hapana. Nimekuja kukuuliza jina.

Nesi akacheka, kisha akamtazama vizuri.

— Lucinda.

Reino akaliandika pembeni mwa fomu, kwa herufi kubwa.

— Asante, Lucinda, akasema.