Caren Aloo na Kisima cha Shemeji

Waombolezaji wapendwa, viongozi wa kanisa, wakwe zetu wa Asembo, majirani wa Pap Onditi na ninyi mliotoka mjini asubuhi na mapema, familia imemtuma Calvince Obonyo, shemeji wa marehemu, awasomee maisha ya Mama Caren Aloo Opiyo, ambaye tumekuja kumzika leo Jumamosi, tarehe 24 Mei 2025, na inaomba mumvumilie msomaji, kwa kuwa hajazoea kipaza sauti, tena baadhi ya maneno yaliyoandikwa hapa yanamhusu mwenyewe.

Caren Aloo alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 huko Asembo Bay, mtoto wa tatu wa Mzee Owiti, aliyekuwa fundi wa nyavu, na Mama Benta, aliyeuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni, na katika utoto wake alimpoteza mdogo wake wa kike kwa ugonjwa wa kuhara, jambo ambalo hakupenda kulizungumzia, ila watoto wake wanasema kwamba kila walipomuuliza kwa nini alichagua kazi ile, alilitaja tu jina la huyo mdogo wake.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Asembo kuanzia mwaka wa 1971 hadi 1977, akaendelea na masomo ya upili katika shule ya wasichana karibu na Maseno, akamaliza mwaka wa 1981, na baada ya kukaa nyumbani mwaka mmoja akimsaidia mama yake kuanika omena, akapata nafasi ya kusomea afya ya umma mjini Kisumu, kuanzia 1983 hadi 1985.

Tarehe 2 Septemba 1986 aliajiriwa katika idara ya afya ya mji, na hapo ndipo alipofanya kazi miaka thelathini na saba na zaidi, mji ukawa jiji, serikali ya kaunti ikaja, ofisi zikabadilishwa majina na rangi, yeye akabaki na daftari lake la malalamiko. Wengi hapa wanamjua mtu wa afya kama yule anayekuja kufunga hoteli, kwa hivyo familia imeona ni vyema kueleza kazi yenyewe. Kila asubuhi saa mbili daftari lilifunguliwa, likasomwa lalamiko moja baada ya jingine, choo kilichofurika, maji yenye harufu, nyama isiyo na muhuri, mgonjwa asiye na mtu, kisha maafisa wakagawana mitaa, na kwa sababu gari lilikuwa moja na mara nyingi halikuwa na mafuta, Caren alitembea kwa miguu, Manyatta, Nyalenda, Obunga, akiwa na chupa za sampuli kwenye kikapu cha sokoni.

Mwaka wa 2003 alifanya jambo lililomletea barua ya kujieleza. Wakati huo ofisi ya afya na ofisi ya huduma za jamii zilikuwa vyumba viwili vilivyotazamana, na watu walisukumwa kutoka mlango huu hadi ule, mama mwenye mtoto aliyekonda akiambiwa na watu wa afya aende kwa watu wa jamii kuomba chakula, na watu wa jamii wakimwambia alete kwanza karatasi ya watu wa afya, hadi siku moja mama kama huyo akaketi chini katikati ya ukumbi na kukataa kuinuka. Caren na mwenzake Rehma Obeid, afisa wa huduma za jamii, walimwinua, wakamhudumia, na jioni hiyohiyo wakaibeba meza ya Rehma wakaiweka kando ya meza ya Caren bila kumwuliza mtu. Mkuu wao alipotaka maelezo, Caren alijibu, "Mzee, huyu mama anagonjeka na anakosa chakula siku moja, sisi tukae vyumba viwili ya nini?" Meza zile hazikurudishwa, na Bi Rehma, ambaye yuko nasi hapa, aliketi kando yake hadi siku ya kustaafu.

Caren aliolewa na Tobias Opiyo, mwalimu, mzaliwa wa hapa Pap Onditi, tarehe 17 Desemba 1988, wakabarikiwa watoto watatu, Celestine mwaka wa 1989, Okinyi mwaka wa 1992 na Naomi mwaka wa 1996, na Mungu akamchukua Tobias tarehe 6 Julai 2009. Hakuwa mama mpole sana, na watoto wameomba jambo hilo lisifichwe, kwani siku mahari ya Celestine ilipoletwa aliingia jikoni akafunua sufuria zote mbele ya wageni na kuamuru samaki wa sufuria moja, walioanza kuchacha, wamwagwe, wapishi wakanuna, na hadi leo mmoja wao hajarudi boma hili.

Sasa tunafika mwaka wa 2016. Mwezi wa Mei, mvua ikiwa imezidi, watu wa kichochoro kimoja huko Manyatta walianza kuugua kipindupindu, kumi na mmoja wakalazwa ndani ya siku tatu, na mpangaji mmoja mzee akafariki. Caren alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza swali lilelile, maji mnachota wapi, na kila nyumba ikamtajia kisima kimoja, kisima cha Calvince Obonyo, kilichochimbwa mwaka wa 1994 kwa mikono ya Calvince na ya kaka yake, yaani Tobias, mume wa Caren. Maji ya mvua yalikuwa yamepanda, na choo cha wapangaji wake kilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Mkuu wake alimwambia ampe afisa mwingine faili hilo, kwa kuwa ni mambo ya familia, lakini yeye akakataa, akisema kwamba shemeji yake hatafungiwa kisima na mgeni.

Jumatano tarehe 18 Mei alifika na dereva wa idara, Bwana Naswa, akiwa na notisi na mnyororo, na Calvince akasimama juu ya mfuniko.

"Shem, kweli wewe ndio unafungia mimi kisima? Hii Opiyo alichimba na mkono yake!"

"Najua nani alichimba. Nilikuwa napika chakula yenu," Caren alimjibu. "Watu kumi na moja wako wadi, Calvince. Toka hapo."

Alitoka. Caren akafunga kufuli mwenyewe, akaweka sahihi, na Naswa anasema kwamba ndani ya gari Caren alilia kutoka Manyatta hadi Kondele, kisha akajifuta, akapiga simu tena na tena hadi lori la maji safi likaja kichochoroni kabla ya jua kutua. Baada ya siku hiyo hakuna mgonjwa mpya aliyetoka katika kichochoro kile.

Calvince hakuzungumza naye miaka mitatu. Mwaka wa 2019 mke wa Calvince, Rachael, alipatikana na TB, ugonjwa ambao familia yake haikutaka majirani waujue, na Caren alipopata habari alipanga na kliniki awe ndiye wa kumsimamia dawa, akawa anakuja kila asubuhi kabla ya kazi, na nyanya juu ya kikapu, ili anayemwona adhani ameleta mboga. Akiingia kwa mlango wa mbele, Calvince alitoka kwa mlango wa nyuma. Ilikuwa hivyo miezi minne. Katika mwezi wa tano, asubuhi moja, Calvince alibaki kwenye kiti, akasema, "Shem, kaa. Chai iko." Caren alikaa, akanywa chai, akauliza kama maji yake yamechemshwa. Rachael alipona, na ndiye aliyewapokea wengi wenu langoni leo.

Caren alistaafu tarehe 14 Machi 2024. Mwezi wa Agosti alianza kushindwa kumeza, vipimo vikaonyesha saratani ya koo, na katika miezi yote ya matibabu alipanga foleni kama wagonjwa wengine, akiwakatalia wauguzi aliowahi kufanya nao kazi walipotaka kumpitisha mbele. Mwezi wa Aprili, sauti ikiwa imekaribia kuisha, alimwita Calvince akamwambia kwamba yeye ndiye atakayesoma historia yake, na akaongeza, "Ile ya kisima usiruke, shem. Ukiruka, watajua si mimi unasoma." Alifariki Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa Naomi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani wa mjini na wa Pap Onditi waliopika na kuchota maji wiki hizi mbili, wafanyakazi wenzake, hasa Bi Rehma na Bwana Naswa, na kanisa lililokesha nasi. Tunawashukuru pia watu tusiowajua, ambao wamekuwa wakifika tangu tulipotangaza msiba, nasi tulipowapa kitabu cha wageni waandike uhusiano wao na marehemu, wengi waliacha nafasi hiyo wazi au wakaandika tu mtaa na mwaka, Obunga 1997, Nyalenda 2007, Manyatta 2016, na kwa hao wa Manyatta, Calvince Obonyo anasimama mbele yenu na kuomba msamaha kwa ajili ya kisima kile, jambo ambalo halikuandikwa katika karatasi hii, bali analiongeza mwenyewe.

Nyar Asembo, binti wa Asembo, Mama Celestine, shem wangu, lala kwa amani.