Bi. Oddlaug Anakabidhi Ukumbi, Kama Kuna wa Kukabidhiwa

Tarehe 30 Juni, saa kumi alasiri, Bi. Oddlaug Vikholmen anastaafu baada ya kukitumikia kisiwa chetu cha Grimsvær miaka thelathini na minane. Cheo chake ni Ofisa Utamaduni. Kwa maneno mengine, yeye ndiye maktaba, sinema, kwaya, sherehe za Mei na mpiga deki wa ukumbi wa jamii. Idara yake ilikuwa na mtu mmoja, na mikutano ya idara haikuwahi kuchelewa.

Filamu zilikuja kwa feri ya Alhamisi. Dhoruba ilipoizuia feri, Bi. Oddlaug alisimama mbele ya kitambaa cheupe akatusimulia filamu ambayo yeye mwenyewe hajaiona. Wapo wanaoapa kwamba filamu zenyewe, zilipofika, ziliwachosha.

Sisi sote tumelelewa na mwiko mmoja: bata wa manyoya akitamia karibu na nyumba, mbwa hufungwa, mlango haubamizwi, na mtu hapazi sauti. Bibi zetu walivaa na kula kwa kuuza manyoya laini anayoyaacha kiotani. Sasa, miaka sita iliyopita, bata mmoja alividharau vibanda vyote tulivyomjengea, akatamia chini ya ngazi za ukumbi. Zilibaki siku tisa tume ya bara ije kutuuliza kama tunakubali manispaa yetu iunganishwe na yao.

Bi. Oddlaug akabandika karatasi mlangoni: "Vueni viatu. Semeni kwa sauti ya chini." Siku ya mkutano tulivua viatu, watu mia moja na arobaini. Msimamizi wa gati, ambaye kikohozi chake husikika kisiwa cha pili, aliinuka akanong'ona, "Hatutaki, jamani. Hatutaki kabisa." Akaketi. Tukampongeza kwa kugonganisha vidole. Ripoti ya tume ilisema wakazi waliupokea mpango kwa utulivu wa kupendeza. Tukaunganishwa. Bata alitotoa wanne.

Tulimnunia Bi. Oddlaug misimu miwili ya baridi. Mimi nilikuwa wa kwanza, na leo naona haya kusema hivyo. Ningeweza kuwaita wageni wale gatini nikawapigia kelele hadi koo likauke. Sikuwaita. Ni rahisi zaidi kumlaumu mwenzako, tena bila kutoka kitini. Yeye aliendelea kufungua ukumbi kila Ijumaa na kutumiminia kahawa sisi tuliokuwa hatumsemeshi.

Februari mwaka huu bara waliandika kwamba akistaafu yeye, ukumbi nao unafungwa, maana hapatakuwa na wa kuufungua. Wakaja kutueleza. Theluji ilikuwa magotini na bata wote wako baharini, basi tulifoka mpaka mgeni mmoja akaziba masikio. Ndipo Bi. Oddlaug aliposimama, na kwa mara ya kwanza tukamsikia akipaza sauti: "Anayestaafu ni mimi. Ukumbi haujaomba kustaafu." Wakubwa walitazamana, wakatuachia nafasi ya kazi ya siku mbili kwa juma. Tulisherehekea kwa keki tatu.

Nafasi ilitangazwa Machi. Hakuna aliyeomba. Ikatangazwa tena Mei. Wale waliofoka kuliko wote ghafla wana mashua za kupaka rangi, migongo mibovu na wakwe wagonjwa. Mwombaji amekuwa mmoja tu, Bi. Oddlaug, na amekataliwa kwa sababu ya umri. Ameuliza bara mara mbili kama wana hakika. Tarehe 30 ikipita bila mtu, ukumbi unafungwa, na safari hii hatuna bata wa kumsingizia.

Bi. Oddlaug, asante kwa Ijumaa zote ulizotufungulia mlango bila sisi kustahili. Tunakuombea afya, majira ya joto marefu, na majirani wenye haya kuliko tulivyokuwa. Maombi ya kazi yanapokelewa hadi Ijumaa. Fomu kumi na mbili zimo kwenye droo yako ya juu. Samahani, ni kumi na moja. Moja nimeichukua mimi. Sijaijaza bado.

Ingebrigt Åsholm
Idara ya Barabara na Gati