Mkono wa Mwangangi na Sikio la Pili

Wapendwa waombolezaji, familia ya Ndolo imenituma niwasomee maisha ya kijana wetu, nami nitasoma kadiri sauti itakavyonibeba.

Marehemu Mwangangi Ndolo alizaliwa Jumapili, tarehe 8 Machi 1942, karibu na Kwa Vonza, Kitui, akiwa kifungua mimba wa Bwana Ndolo na Bi Kalunde, na kabla hajasimama dede njaa ya 1943 iliingia, maziwa ya mama yakakauka, naye akapona lakini mwili ukagoma kukua.

Familia ilihamia Mukuyuni, Makueni, na Januari 1949 mama alimpeleka shule, ambako kila mtoto, kwa kuwa vyeti vya kuzaliwa hatuna, alitakiwa kupitisha mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili, na mkono wa Mwangangi ukaishia utosini. Kalunde aliapa kwamba mtoto ametimiza umri, akataja hata Jumapili aliyozaliwa, mwalimu akamwambia kwa upole arudi mwakani, na mwakani yakawa yale yale. Tangu hapo mama hakuwa na raha tena, kila Januari akawa anamnyoa kipara ili mkono upate njia fupi, anampaka mafuta begani na kuuvuta mkono hadi wote wawili wanalia, na mwaka 1953 mdogo wake Jonah, aliyezaliwa 1946, akashika sikio mara moja, kaka yake akitazama. Siku hiyo mama hakula.

Januari 1954 vidole viligusa sikio, akaingia darasa la kwanza akikaribia miaka kumi na miwili, na Kalunde akaimba njia nzima kurudi nyumbani.

Kazi yake ilikuwa kuchunga mbuzi, hakuoa, hakujaliwa mtoto. Mwezi huu alishikwa na kichomi, akapelekwa zahanati ya misheni, akafariki Jumanne, tarehe 15 Juni 1954.

Tunawashukuru daktari, majirani waliombeba kwa machela, walimu na wanafunzi wenzake, na Bwana Jabiri, seremala, ambaye alipokuja kuchukua vipimo, Kalunde alimsihi aongeze shubiri moja kwenye jeneza, akisema mtoto alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukua, naye akaongeza.

Lala salama, Mwangangi, nafasi ya kujinyoosha ipo.