Hitima ya Bondia wa Bulgaria

Ndani ya basi la Bagamoyo, Bi Ruwaida alijifanya amesinzia, lakini masikio yake, yanayosaka cha kuchekea safarini, hayajawahi kulala. Kiti cha mbele yake, mzee Mbaruk, bondia wa ridhaa wa zamani, alimbembeleza mkewe wamsomee hitima bingwa wa Bulgaria aliyefariki.

"Aliyekuvunja taya? Nimpikie pilau?"

"Mwislamu mwenzetu, mama Adila. Medali tatu, na hana wa kumwombea."

"Haya. Shehe amtaje kwa jina gani?"

"La kwenye mabango alipachikwa na serikali yao, ilipowapiga Waislamu marufuku majina yao. Alilopewa na mamake aliniambia mara moja tu, aliponiinua ulingoni."

"Basi litaje."

Lakini ngumi za miaka ile zilikuwa zimeondoka nalo kichwani mwa mzee. Bi Ruwaida hakupata cha kucheka.

Basi liliposimama Zinga, mzee alikuwa bado ananong'ona: "Hasani... Ramadhani... hapana."