Masahihisho Aliyoyaacha Justa Adriano

Padre, wazee wetu shikamooni, majirani wa Katumbi na wageni mliotoka mbali, poleni na safari na poleni na msiba, haya mtakayosikia ni maisha ya Justa Adriano Christopha kama yalivyosimuliwa na bibi yake mzaa baba, Dominika, aliyemlea, na anayewasomea ni Teodori, baba mdogo wa marehemu, ambaye ameapishwa asiruke mstari, kwa sababu marehemu mwenyewe alikataza kurembwarembwa.

Justa alizaliwa tarehe 14 Machi 1996, hapa hapa Katumbi, juu ya barabara iendayo Mwimbi, mvua ikiwa kubwa hata mkunga akavushwa mto mgongoni, akiwa mtoto pekee wa marehemu Adriano na marehemu Silvana, ambao walifuatana kaburini kabla mtoto hajatimiza miaka minne, akabaki kwa bibi, akinyweshwa uji wa ulezi na kulala mgongoni wakati bibi akiinua matuta shambani, na alipojua kusema alijua kuuliza, huyu nani, ametoka wapi, kwa nini analia, mpaka babu yake Christopha, alipokuwa hai, akasema, "Huyu akifika mbinguni atamdai Mungu kitambulisho."

Alianza darasa la kwanza mwaka 2003 na kumaliza la saba mwaka 2009, akasoma sekondari mjini Sumbawanga toka 2010 hadi 2013, kisha akaenda Mbeya kusomea uandishi wa habari, akarudi na cheti chake mwaka 2016, na tarehe 6 Februari 2017 aliajiriwa na redio moja pale Sumbawanga mjini, akapanga chumba mtaa wa Malangali, akawa anasoma bei za mahindi na matangazo ya vifo, na bibi yake alikuwa akizima kila kitu nyumbani ili amsikie, hata maharage yakiungua yaungue.

Tarehe 8 Julai 2019 walikuja mjini walimu wawili kutoka Dar es Salaam kuwafundisha vijana kumi na wawili kwa majuma mawili, Bwana Mbonile, mpigapicha, na Bi Edith, mwandishi wa makala, watu ambao tuzo zao zilikuwa zimejaza kabati, kama walivyosema wenyewe asubuhi ya kwanza kabla hata ya chai, na Justa alichaguliwa, akampigia bibi simu akicheka na kulia pamoja. Na yafaa yasemwe kwamba walijua kazi, maana yale waliyomfundisha aliyashika hadi kufa, kwamba mtu anayekaa chini usimpige picha umemsimamia kama mgambo, piga magoti, kwamba shusha pumzi kwanza ndipo ubonyeze, kwamba jina liulize mara mbili na umri mara tatu, na Bi Edith akawaambia kwamba picha haina mdomo, mdomo wake ni ule mstari unaoandikwa chini yake.

Lakini walikuwa wakali kama baridi ya Julai, na Bwana Mbonile hakumwita Justa kwa jina, alimwita kwa jina la nchi yetu, Ufipa, "We Ufipa, leta kazi," akazifuta picha zake zote za siku ya tatu mbele ya wenzake akisema, "Hizi ni za kipaimara, mpelekee padre," wenzake wakacheka, naye akacheka nao, kisha akaenda kulia chooni, akanawa uso, akarudi, akapiga nyingine.

Jumamosi ya tarehe 13 walikuwa wanatafuta mama mzee mwenye macho mekundu, kwa ajili ya makala kuhusu wazee wanaosingiziwa uchawi, wakazunguka vijiji viwili, kila mlango ukafungwa, ndipo Bwana Mbonile akageuka garini na kusema, "Ufipa, wewe huna bibi?", Justa akajibu kwamba anaye, ila macho yake ni mazima, na ni bibi yake, naye akaambiwa, "Kazini hakuna bibi, kuna chanzo cha habari, elekeza dereva."

Bibi Dominika aliona gari, akaona mjukuu wake ametoka na watu wakubwa, akashika kuku wa mwisho aliyebaki bandani, na kwa kuwa walikuja bila taarifa na kuni kavu zilikuwa zimekwisha, akakata mkaratusi mbichi, akapuliza moto ule kwa saa mbili, machozi yakimchuruzika, huku akiwatania wageni, "Mkisikia kikohozi jikoni msiogope, ni mchuzi unaiva," na alipoinua uso kuuliza kama wanakula pilipili, Justa alipiga magoti, akashusha pumzi, akabonyeza. Bwana Mbonile aliiangalia ile picha muda mrefu, kisha kwa mara ya kwanza akasema, "Justa, sasa umekuwa mpigapicha," halafu wakala kuku, wakausifu mchuzi, wakaondoka.

Chini ya picha ile Justa aliandika kama alivyofundishwa, jina, umri, kitongoji, na kwamba mama huyu anapika chakula cha wageni, na Bi Edith akasema, "Mchuzi hauuzi gazeti, binti," akafuta, akaweka maneno yake, "Mmoja wa vikongwe wa Ufipa wanaotajwa kwa ushirikina, akiwa nyumbani kwake," akamwonyesha Justa kwenye simu siku moja kabla ya kuchapwa na kumuuliza, "Tuweke jina lako kama mpigapicha, au tuache?", na Justa, aliyekuwa hajawahi kuliona jina lake katika gazeti lolote, alisema, "Wekeni." Hakulazimishwa, hakudanganywa, aliyasoma maneno yale mpaka mwisho, na ni yeye mwenyewe aliyemweleza bibi yake jambo hili akiwa kitandani, tarehe 4 Mei mwaka huu, akasema lisomwe mbele ya watu.

Gazeti lilitoka Jumapili ya tarehe 21 Julai 2019, na makala yenyewe, wanasema walioisoma, ilikuwa ya kuwatetea wazee, lakini Katumbi hatukuletewa makala, tuliletewa picha kwenye simu, pamoja na ule mstari wake, na kabla ya jioni Kabula, jirani aliyepukuchua mahindi na Bibi Dominika miaka kumi na tisa kwenye ungo mmoja, alisimama nje ya ua akasema, "Dada, mimi na wewe hatuna ugomvi, ila wanangu wasiingie tena kwako." Tarehe 2 Agosti yakaja mawe juu ya bati, tarehe 9 Novemba jiko likachomwa moto mchana, watu wakitazama, kijana mmoja akipiga kelele, "Toka upigwe picha!", na Justa akaja na pikipiki kumchukua bibi yake, akampeleka Malangali, akamlaza kwenye kitanda chake, yeye akalala chini, na miezi mitatu hakuweza kumtazama usoni, wala bibi hakujua kwa nini.

Tarehe 28 Novemba 2020 picha ile ilishinda tuzo Dar es Salaam, Justa akaitwa jukwaani, Bwana Mbonile akamshika bega na kusema mbele ya ukumbi, "Huyu nimemtoa matopeni," makofi yakapigwa, na yeye, akiwa amekumbatia ile tuzo, alimfuata Bi Edith mezani na kumwomba jambo moja, kwamba gazeti liandike masahihisho, mistari miwili tu, akajibiwa, "Masahihisho ni ya jina lililokosewa, picha iliyoshinda haisahihishwi, na wewe uliikubali." Aliomba tena kwa barua mwaka 2021, na 2022, na 2023, na mara ya tano Februari 2024, na barua hizo zote ziko hapa, na majibu hayapo.

Tarehe 18 Septemba 2021 alifunga ndoa na Jafeti, mwalimu, kijana wa Mbeya, mpole, aliyekubali kuoa pamoja na bibi, na tarehe 5 Desemba 2022 Mungu akawapa binti, wakamwita Silvana, naye Justa akaendelea na redio, akawafundisha wenzake wadogo bila kumfutia mtu kazi yake, na kamera hakuishika tena.

Machi 2024 alianza kuvimba miguu, wakadhani ni uchovu, hospitali wakakuta figo zote mbili zimechoka, akapelekwa Mbeya, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa juma, na bibi yake alikuwa akimsugua miguu, na wakati huo huo huku Katumbi ilikuwa ikisemwa kwamba ajuza anamla mjukuu kwa sababu ya picha. Justa alisikia, watu hawakosi kukupigia simu kukuletea maneno kama hayo, na hilo lilimuuma kuliko sindano, akasema azikwe hapa na si Malangali, ili wote mje. Alifariki tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka ishirini na tisa, na daktari aliandika sababu ya kifo, ni figo, karatasi anayo Jafeti, anayetaka kuisoma aisome.

Alfajiri ya leo akina mama wa hapa walikuja kwa adabu kuiomba familia kwamba Bibi Dominika asiguse maiti, asiingie jikoni, akae nyuma ya nyumba mpaka mazishi yaishe, na familia, kwa kuogopa fujo, ilikubali, hivyo hamumwoni, yuko huko nyuma na kiti chake, anasikia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbeya, majirani wa Malangali waliokesha na sisi tangu Jumatano, wafanyakazi wa redio waliochongesha jeneza hili, mwalimu Jafeti ambaye hakuchoka, na ninyi wa Katumbi kwa maji mliyochota. Tunamshukuru Bi Edith kwa shada alilotuma, na Bwana Mbonile kwa kufika yeye mwenyewe, ambaye asubuhi hii aliomba apige picha moja ya bibi akilia kando ya jeneza, ili kisa kipate mwisho wake, na familia imemjibu kwamba kamera ile irudi garini.

Na haya ndiyo masahihisho, kama marehemu alivyoyaandika kwa mkono wake, kwa kuwa hakuna gazeti lililoyataka. Katika picha iliyochapwa tarehe 21 Julai 2019, mama anayeonekana ni Dominika Christopha, miaka 71, mkulima wa Katumbi, akiwapikia wageni wake kuku kwa kuni mbichi. Hajawahi kutajwa kwa uchawi na mtu yeyote kabla ya siku hiyo. Aliyepiga picha alilijua hilo, akanyamaza. Ni mimi, Justa Adriano.

Sasa tunakwenda kaburini, na wa kwanza kutia udongo atakuwa Bibi Dominika, atatoka nyuma ya nyumba na kupita katikati yenu, polepole, maana miguu haina nguvu, mwenye kuvuta mtoto wake amvute, na anayeyaogopa macho yake na ainame, ila njia mpeni, ana mjukuu wa kuzika.

Justa, yamesomwa yote, pumzika.